Barua za vita: msiziruke zile salamu

Mwaka 1979 nilikuwa darasa la tano, Pemba ya kaskazini, na kazi yangu kubwa nyumbani ukiacha kuteka maji ilikuwa kusoma barua za ami. Ami alikuwa askari wa JWTZ, yuko Uganda kwenye vita vya Idi Amin, na barua zake zikija kwa sanduku la posta la skuli manake kijijini kwetu hakuna mtu aliyekuwa na sanduku lake. Basi asubuhi mstarini mwalimu anaita jina, unatoka mbele unapokea bahasha na skuli nzima inakuangalia. Bahasha yenyewe haina jina la mahali ilikotoka, ina namba ya kikosi tu. Mchana nikirudi watu washajua, sijui walikuwa wakijuaje, nakuta ukumbi umejaa: bibi, mke wa ami, mashangazi, majirani, na yule mzee wa duka ambaye hata si wa ukoo wetu lakini akisema ami ni mtoto wake vile vile.

Ipo barua moja siisahau. Ilikuja mwezi wa tano, Kampala ishaanguka tangu tarehe 11 Aprili na watu wanasubiri vijana wao warudi. Barua ukurasa mmoja na nusu, na ule ukurasa mzima ulikuwa salamu. Nisalimie mama, nisalimie shangazi wa Kojani, nisalimie maalim wa chuo cha Kurani, nisalimie wa nyumba ya kisimani, watu ishirini na kitu. Nikasoma mbio mbio kama mtoto anavosoma kitu kisichomhusu. Bibi akanambia rudia hapo. Nikarudia. Akanambia tena, polepole, mmoja mmoja. Nikamaliza. Akakaa kimya anavuta tasbihi yake alafu akasema neno moja tu, "Ashajua." Wanawake wote ukumbini wakainamisha vichwa, mke wa ami akaanza kulia, na mimi niliyeishika barua mkononi na nimeisoma mara tatu ndo pekee yangu nisiyejua kumetokea nini.

Ntairudia barua hiyo. Kwanza niseme kilichonifanya niandike.

Siku hizi vijana wetu wanaopenda historia wanaona barua za askari wa Uingereza na Marekani zimechapishwa vitabu kwa vitabu, mtu anamwandikia mkewe mambo ya moyoni, matope, panya, hofu ya kufa, wanauliza za kwetu ziko wapi. Na zikipatikana chache kwenye makasha ya wazee wanazisoma wanavunjika moyo, wanasema hazina kitu hizi, salamu tupu, sisi wazima hofu na mashaka ni juu yenu, basi. Nimesikia hata mtu msomi kabisa anasema barua kama hizo haziisaidii historia kwa sababu hazitaji mahali, hazitaji mapigano, hazisemi askari alijisikiaje. Mimi nasema zinasema, tena zinasema mengi, ila tunazisoma kama vile mwandishi na msomaji walikuwa watu wawili wamejifungia chumbani. Barua ya kwetu iliandikwa kwa ajili ya ukumbi. Aliyeiandika anajua itasomwa kwa sauti, na mtoto, mbele ya mama yake na mkewe na mkwewe na jirani, na kila neno amelipima kwa masikio hayo yote.

Na hao Wazungu tunaodhani walikuwa wakimwaga moyo wote kwenye karatasi, tuwaangalie vizuri. Vita vya Kwanza vya Dunia posta ya Uingereza ilikuwa inapeleka kama barua milioni 12 kwa wiki kwa askari wake, ndio, lakini barua ya askari wa kawaida kwenda kwao ilisomwa kwanza na ofisa wake mwenyewe, yule yule atakayempa amri kesho asubuhi. Ikitaja mahali inafutwa. Na kulikuwa na kadi maalumu ya jeshi ambayo sentensi zimeshachapwa, askari kazi yake kukata zisizomhusu: mimi mzima, nimelazwa hospitali, nimepata barua yako ya tarehe fulani, sijapata barua yako siku nyingi. Ruhusa ni sahihi na tarehe tu, ukiongeza neno jengine kadi inachanwa. Kadi hizo zilikwenda kwa mamilioni, na mama aliyeipokea alilia kwa furaha, kwa kadi iliyochapwa! Kwa sababu alikuwa anasoma kitu kimoja tu, kwamba siku ile mkono wa mwanawe ulikuwa na uhai wa kushika kalamu ya risasi. Hiyo ndo "mimi mzima" yetu, hamna tofauti, isipokuwa sisi tulikuwa nayo kwenye mila ya barua zetu kabla jeshi lolote halijatuchapia.

Alafu kuna Wahindi. Askari wa India walipelekwa Ufaransa kuanzia 1914 na barua zao zikipita kwenye ofisi ya ukaguzi Boulogne, zinatafsiriwa, vipande vinanakiliwa, na leo nakala zile ziko London kwenye maktaba ya taifa watu wanazisoma. Wengi wao hawakujua kuandika, walimwandikisha mwenzao, yani barua imepita kwa mwandishi, imepita kwa mkaguzi, imefika kijijini imesomwa na msomaji, ndo ikamfikia mama. Sasa mle ndani wakaguzi wakakuta watu wanazungumza habari za pilipili. Pilipili manga inakwisha, sasa inatumiwa pilipili nyekundu. Mtu wa visiwa vya karafuu hahitaji kuambiwa kuwa haijadiliwi biashara ya viungo hapo. Pilipili manga ni askari wa Kihindi, nyekundu ni wa Kizungu, na anayeandika anawaambia ndugu zake idadi ya maiti. Kwa hiyo ukisoma barua ile kwa haraka utasema hamna kitu, mtu anazungumzia jikoni tu.

Kwetu hakukuwa na pilipili. Kwetu kulikuwa na salamu.

Niseme kidogo habari ya bibi yangu kwa sababu ndo roho ya jambo hili. Kwenye kila karatasi ya serikali bibi ameandikwa hajui kusoma wala kuandika. Na bibi alihitimu Kurani akiwa mtoto, na hesabu zake za karafuu, nani anadaiwa pishi ngapi, akiziandika mwenyewe, Kiswahili safi kwa herufi za Kiarabu, kwenye daftari aliloliweka chini ya godoro. Kiswahili kimeandikwa hivo karne na karne. Barua za Kiswahili za zamani kabisa tunazozijua ziliandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati hiyo, na saivi zipo kwenye nyaraka za Goa, India. Hata lile sanamu la askari pale Dar es Salaam lililozinduliwa 1927 kwa ajili ya askari na wapagazi wa Vita vya Kwanza maneno yake yameandikwa Kiingereza na Kiswahili, na Kiswahili chake kimewekwa kwa hati zote mbili, ya Kizungu na ya Kiarabu, manake waliojenga walijua wasomaji wa hapa ni wa aina ngapi. Lakini ilipofika 1979 skuli ni herufi za Kizungu, jeshi ni herufi za Kizungu, ami mwenyewe aliyesoma chuoni kama sisi sote alituambia baadaye aliona barua ya hati ya Kiarabu itakaa njiani. Hivo mwanamke aliyeweza kuandika akawa hana barua ya mwanawe mpaka mtoto wa miaka 11 atoke skuli.

Na mtoto huyo ana madaraka gani! Silaumu mtu, nasema ukweli. Mimi ndo nilikuwa mkaguzi wa nyumba yetu. Ami aliandika siku moja kuwa ameumwa homa siku tisa hajui kama ataamka, nikaliruka, kwa sababu nilimtazama bibi uso wake nikaogopa. Hakuna aliyenifundisha. Nafikiri kila nyumba iliyokuwa na askari ilikuwa na mtoto wa hivo, na hao watoto leo ni watu wazima wana miaka hamsini na kitu, sitini, wanajua vitu ambavyo kwenye karatasi vimo lakini masikioni mwa mama havikuingia. Hao hakuna aliyewauliza.

Upande wa pili, barua za kutoka nyumbani kwenda vitani, ndo penye uzito zaidi na ndo panasahauliwa kabisa, kwa sababu askari hawezi kutembea na kasha la barua porini, zinalowa, zinapotea, zinatumika kuwashia moto. Zinazobaki ni za askari kwenda kwao. Kwa hiyo tunasikia upande mmoja wa mazungumzo tunadhani ndo yote. Kumbe nyumbani ndo kulikuwa kukifichwa zaidi.

Babu alifariki mwezi wa pili 1979. Alizikwa alaasiri, khitma ikasomwa, bibi akakaa ndani eda ya ujane. Wazee wakakaa kikao wakakubaliana ami asiambiwe. Mtu yuko vitani bunduki mkononi utampelekea msiba wa baba yake, akapotewa na akili, akauawa? Asiambiwe mpaka arudi. Mimi nikaitwa na kalamu. Bibi yumo chumbani kwenye eda yake anasema maneno kupitia pazia, kaka yake babu yuko nje anasahihisha, na mimi chini sakafuni naandika: hapa kwetu sote wazima. Niliandika kwa mkono wangu huu. Nilijua ni uongo na nilikuwa nimefundishwa chuoni asubuhi ile ile kuwa uongo ni dhambi, nikamwangalia yule mzee, akanambia andika mwanangu, Mungu anajua.

Ikafika kwenye salamu. Mila ya barua zetu salamu ya kwanza ni ya baba, "baba yako anakusalimu sana na anakuombea dua." Yule mzee akasema weka, usipoiweka atashituka. Na hapo bibi akakataa. Alisema kutoka ndani, sauti ya chini lakini wote tuliisikia, mimi maiti simtii salamu mdomoni. Wakabishana. Mzee akatoa hoja zake na zilikuwa na maana, bibi akarudia neno lile lile. Ikabidi salamu zianze kwa mama. Alafu akanyoosha mkono nje ya pazia akachukua ile karatasi, akaandika chini kabisa mstari wake wa dua kwa herufi zake za Kiarabu, kama alivoandika kwenye kila barua, akanirudishia nikaifunga.

Ami alirudi akatusimulia, si siku ile, miaka ilikuwa ishapita. Alisema barua ilimkuta kikosi kimepumzika, akakaa chini ya mti akaisoma, akafika kwenye salamu akatafuta ya baba. Hamna. Akasoma tena pengine imewekwa katikati. Hamna. Akatazama mstari wa dua, akaona ni mkono wa mama yake, kwa hiyo mama yupo. Hakumuuliza mtu, hakumwambia mtu. Akatawadha akasali salatul ghaib, sala ya maiti aliye mbali, peke yake pale pale chini ya mti. Na alipokaa kujibu, akaandika mimi mzima, hofu na mashaka ni juu yenu, akaweka salamu za watu ishirini na kitu na baba hakumtaja. Hakuandika poleni, hakuandika nimejua, kwa sababu alijua barua itasomwa na mtoto mbele ya watu ambao wamejitahidi kumlinda yeye na hakutaka kuwavunja moyo. Bibi akasikia jina halimo.

Haya, mtafiti aje aichukue barua hiyo, anisomee, anambie haina kitu.

Ndo maana nasema ule mchezo wa kuruka salamu tuuache. Nimeona watu wakinakili barua za zamani za wazazi wao wanaandika "hapa panafuata salamu za jamaa" alafu wanaendelea na yale wanayoyaona muhimu. Hapo umeshaiondoa barua yenyewe! Ile orodha inakuonesha nani yupo hai siku ile kwa kadiri askari anavojua. Inakuonesha nani kahama, nani kaolewa ukubwani akabadilisha nyumba, nani wamegombana, kwa sababu nilishaona barua ambayo ndugu wawili wametenganishwa salamu na watu kumi katikati na sote tulijua kwa nini. Na mpangilio wake una heshima yake, nani kabla ya nani, na mtu akishushwa ngazi ukumbi mzima unaguna. Askari aliyeko mbali anatumia orodha ile kuitembea mtaa kwa mtaa, anaanzia mlangoni kwao anapita kisimani anapita msikitini anafika pwani. Ukiifuata unapata ramani ya kijiji ambacho saivi hakipo vile.

Majina yenyewe tazama yalivoandikwa. Akina Hamad kijijini kwetu walikuwa saba, huwezi kuandika nisalimie Hamad. Unaandika wa kisimani, wa mwembe mkubwa, wa mwenye ngalawa. Na hii tabu ya majina si yetu peke yetu. Mwanzoni mwa 1945 huko Birmingham, Uingereza, kulikuwa na barua na vifurushi kama milioni 17 vya askari wa Marekani vimerundikana kwenye maghala, vyengine vina miaka, hakuna wa kuvichambua. Wakaletwa wanawake weusi wa jeshi la Marekani, 855, mkubwa wao akiitwa Charity Adams, wakaambiwa mna miezi sita, wakamaliza kwa miezi mitatu. Walikuwa na kadi za majina kama milioni 7, na akina Robert Smith peke yao walizidi 7,500. Wanawake wale walifanya kazi usiku na mchana, madirisha yamepakwa rangi nyeusi kwa kuogopa ndege, na walielewa kitu ambacho majenerali walikisahau, kuwa askari asiyepata barua anaanza kufa kabla hajapigwa risasi. Barua nyengine walipoipata mwenyewe alishakufa, ikabidi irudishwe. Mimi nikizisoma habari zao namuona bibi na vile vidole vyake juu ya karatasi.

Sasa kuna waliokuwa hawana hata hizo salamu, na hapa nasema kwa uchungu. Wapagazi wa Vita vya Kwanza, wale ambao jina la Kariakoo limetokana nao, watu wa pwani na bara na wa visiwani waliobeba mizigo ya jeshi la Waingereza porini. Walikufa makumi kwa maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na kwa wengi wao hakuna barua, hakuna kadi, hakuna orodha, mama alisubiri mpaka akafa yeye. Lile sanamu la Dar linawaambia kuwa wakifa kwa ajili ya nchi yao wana wao watalikumbuka jina. Jina lipi na liliandikwa wapi? Na Vita vya Pili, tarehe 12 Februari 1944, meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na nyambizi ya Wajapani karibu na Maldives, ikazama kwa dakika chache, karibu watu 1,300 wakafa, wengi wao askari wa mizinga wa Afrika Mashariki waliokuwa wanapelekwa kupigana na Wajapani. Fikiria tu barua zilizokuwa njiani wakati ule kuwafuata watu hao, na zile zilizokuwa mifukoni mwao.

Na tusidhani wa kwenda ng'ambo daima ni sisi. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga Pegasus ya Waingereza hapa hapa bandari ya Unguja, imetia nanga inatengenezwa mashine, haikuweza hata kukimbia. Mabaharia zaidi ya 30 walikufa na makaburi yapo Chapwani mpaka leo, ukipita na boti unaona kisiwa. Kwa mama zao, ng'ambo ilikuwa ni Shangani, hapa mjini Unguja. Huko kwao kuna makasha yana barua za mwisho zilizotoka hapa zikielezea minazi na joto na embe, na jina la Zanzibar katika nyumba hizo limebaki ni jina la msiba. Mimi napenda kulijua hilo kila nikiona watalii wamekwenda kuangalia makaburi yale, pengine mmoja wao ni mjukuu.

Nimesema habari ya mama sana, nisimuache mke. Kwenye barua za ami mkewe alikuwa na mstari mmoja, "na mama watoto msalimie", umekaa baina ya shangazi na mzee wa duka. Mtu ana miaka 22, ana mtoto mchanga, mume yuko vitani, anapata mstari mmoja tena unasomwa na mtoto wa darasa la tano mbele ya mkwewe. Hili silitetei. Mila ya ukumbi ilikuwa na uzuri wake na hapa ilikuwa na ukatili. Nilimuuliza uzeeni, wewe ulikuwa ukimwambia nini na ukimwambia vipi. Akacheka kidogo. Akanambia bahasha nikishaifunga mimi nikimpa yeye akaipeleke kwa mwenye safari ya mjini, na kabla hajaipeleka akiingia nayo chumbani akaifukiza udi. Udi ule ule anaofukizia nguo za mumewe. Basi. Alikuwa hana haja ya kuandika. Na ami aliwahi kutusimulia kuwa wenzake kikosini wakizinusa barua zake kabla hajazifungua, yeye akadhani ni mzaha wa mama yake.

Saivi mambo yamebadilika na siwezi kusema yameharibika. Vijana wetu wanakwenda ulinzi wa amani, Kongo wapo tangu 2013, wengine Lebanon, na kila mmoja ana simu. Jirani yangu mwanawe alikuwa Kongo, anazungumza na mkewe usiku kucha, anatuma voisi, anamuona mtoto anavotambaa, mke hapewi tena mstari mmoja baina ya shangazi na mwenye duka. Hilo ni jambo jema, namtakia kila mke wa askari. Lakini mama wa kijana akawa hapati kitu, anangoja mkwe amwambie "anakusalimu", na anaambiwa kwa neno moja mtu anapita mlangoni. Ukumbi umekufa. Na hofu haijapungua, imebadilisha sura tu. Zamani hofu ilikuwa ya wiki tatu, barua haijaja pengine meli haijaja. Saivi ni tiki moja. Ametuma meseji imekaa tiki moja tangu alaasiri, mtandao au kitu chengine? Tarehe 7 Disemba 2017, kambi ya Semuliki kule Kivu ya Kaskazini iliposhambuliwa, waliuawa askari wa Tanzania wasiopungua 14, na wa visiwani walikuwamo. Kabla majina hayajatangazwa kulikuwa na nyumba watu wamekaa na simu mkononi wanaitazama ile tiki, na hakuna orodha ya salamu ya kuisoma kumtafuta mtu ndani yake.

Na zile voisi, nani anaziweka? Simu imeanguka kisimani, simu imeibiwa, simu imejaa ikafutwa ili iingie kitu kipya. Karatasi ya mwaka 1979 mchwa wameila pembe lakini inasomeka. Mimi nina watu nawabembeleza kila nikikutana nao, we mama una mtoto askari, hifadhi sauti yake sehemu ya pili, mpe kijana wako wa skuli akutolee kwenye simu aiweke pahala. Wananiangalia kama nawaombea mabaya. Siwaombei mabaya, sauti ya mtu akiwa Kongo ana miaka 25 hata yeye mwenyewe akiwa mzee ataitaka. Na makasha jamani. Mzee anafariki, watoto wanagawana shamba la mikarafuu na nyumba, makaratasi yanatiwa moto nyuma ya nyumba siku ya tatu, kwa sababu "ni barua tu". Zisomeni kwanza, na hasa upande ule wa salamu.

Za kwetu zimebaki sita, ndani ya kopo la biskuti. Bibi hayupo, ami hayupo. Mwezi uliopita nilikwenda kwa mke wa ami nikazichukua zote picha na simu, alafu tukakaa ukumbini mimi na yeye tukaipitia ile ya mwezi wa tano, mtu mmoja mmoja, mimi nasoma yeye anasema huyu ni nani. Safari hii sikuruka kitu. Huyu alikuwa mama wa fulani, huyu alihamia Tanga, huyu ndo aliyemzika babu yako, huyu tulikosana naye kwa sababu ya mbuzi. Tukafika kwa mtu ameandikwa "yule wa nyumba ya mwisho, mwambie sijasahau." Hakumkumbuka. Akaniambia rudia. Nikarudia. Akafunga macho akaipita ile njia kichwani, kisimani, msikitini, mwembe, akafika mwisho hakuona nyumba. Akanambia pana mzee mmoja Konde huenda akamjua, Ijumaa baada ya sala nimpeleke tukamuulize.